Kutembea na Mbwa Sutton Park, Birmingham: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unawahusu wasemaji wa Kiswahili wanaofuga mbwa Birmingham na miji ya jirani, pamoja na wageni wao. Majibu yanafuata mambo yalivyo uwandani: lango, njia, mifugo, matope na kupe. Kanuni ndogondogo za maegesho na saa za milango hubadilika, kwa hiyo soma kibao cha langoni kabla ya kuingia.

Sutton Park ni mahali gani?

Ni uwanda mkubwa wa vichaka vifupi, misitu na mabwawa ulioko Sutton Coldfield, pembezoni mwa Birmingham upande wa kaskazini. Ukubwa wake ni takriban ekari 2,400, yaani karibu hekta 970, na pande zote umezungukwa na nyumba za watu. Mwaka 1528 Mfalme Henry VIII aliwakabidhi wakazi wa Sutton ardhi hii kwa hati iliyopatikana kwa juhudi za Askofu John Vesey. Sutton Coldfield iliingizwa Birmingham mwaka 1974, na leo bustani inaendeshwa na halmashauri ya jiji. Ni hifadhi ya taifa ya mazingira asilia, na huingii kwa tiketi.

Wanaotarajia bustani ya maua na nyasi zilizokatwa hushangaa. Sehemu kubwa imeachwa ilivyo, na imeachwa hivyo kwa makusudi.

Mbona panaonekana kama pori lililotelekezwa?

Kwa sababu ni malisho ya kale. Mandhari ya aina hii huitwa *heath* kwa Kiingereza: udongo wenye tindikali na rutuba ndogo, unaoota hetha (kichaka cha kufika magotini, chenye maua ya zambarau kuanzia Agosti), gosi (kichaka kirefu zaidi cha miiba, maua ya manjano karibu mwaka mzima) na nyasi ngumu. Watu waliitengeneza wenyewe kwa karne nyingi kwa kukata miti, kuchunga ng'ombe na kuvuna kuni. Ukiondoa mifugo, ndani ya miaka michache miti ya *birch* na misonobari inaota na uwanda unageuka msitu. Ndiyo maana utakuta ng'ombe wakilisha na farasi wadogo wa Exmoor, wale wa rangi ya kahawia wenye pua nyeupe-nyeupe. Wale farasi wanakula hata gosi, miiba kwa miiba.

Kumbuka mambo mawili hapo, maana kanuni karibu zote za mbwa zinatokana nayo: udongo ni maskini, na ardhi ina mifugo.

Nafikaje na mbwa bila gari?

Panda treni ya Cross-City Line kutoka stesheni ya Birmingham New Street kuelekea Four Oaks au Lichfield. Sutton Coldfield ni mwendo wa kama dakika 25. Kutoka stesheni hadi lango la Town Gate ni dakika zisizozidi kumi na tano kwa miguu. Kwenye treni za Uingereza abiria anaruhusiwa kuwa na mbwa hadi wawili bila nauli, mradi wafungwe kamba au wawe ndani ya kikapu, na wasikalie viti. New Street ina ngazi za umeme nyingi. Usimpandishe mbwa kwa miguu yake, kucha na vidole hunaswa pale ngazi inapoishia. Mbebe au tumia lifti.

Kwa basi, dereva ndiye mwenye neno la mwisho.

Milango ni mingi. Nianzie wapi?

Town Gate ukiwa umetoka stesheni, au ukitaka mabwawa na msitu. Four Oaks Gate ukiwa unakaa kaskazini mashariki. Streetly Gate na Banners Gate ukitaka uwanda wazi upande wa magharibi. Boldmere Gate iko karibu na bwawa la Powell's Pool, na Jumapili yenye jua hapo hujaa watoto, baiskeli na watu wa ice cream. Mbwa mwenye woga au mwenye fujo usimwanzishie hapo.

Njia gani inafaa kwa mara ya kwanza?

Njia fupi ni Town Gate, unapita bwawa la Keeper's Pool, unafika Blackroot Pool, unalizunguka na kurudi. Ni kama kilomita tatu. Sehemu kubwa ina kivuli cha miti ya mialoni na *holly*, na ardhi ni ngumu kiasi hata baada ya mvua. Kwa mbwa mzee, mtoto wa mbwa au siku ya joto, hiyo inatosha kabisa.

Njia ndefu inaendelea kutoka Blackroot hadi Bracebridge Pool kaskazini, kisha inakata magharibi kuvuka uwanda wa hetha hadi kwenye barabara ya Warumi, inashuka kusini hadi Longmoor Pool na Powell's Pool, na kurudi Town Gate. Hiyo ni kilomita 10 hadi 12 kutegemea utakavyokata kona. Panga muda wa saa tatu, maana mbwa hunusa.

Barabara hiyo ya Warumi, Ryknild Street, ni tuta refu lenye nyasi linalokwenda moja kwa moja. Ukiwa hujui unachotafuta utaipita bila kuiona. Angalia mstari ulionyooka mno kuwa wa maumbile, wenye mitaro midogo pembeni. Ni kumbukumbu ya kale inayolindwa kisheria, kwa hiyo mbwa mwenye tabia ya kuchimba asiachwe achimbe hapo. Humo humo bustanini kuna pia jiwe la ukumbusho wa mkusanyiko wa Skauti wa dunia uliofanyika hapa mwaka 1957, miaka mia tangu kuzaliwa kwa Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, yule aliyezikwa Nyeri, Kenya.

Reli ya mizigo inakatiza bustani. Treni hazipiti mara nyingi, lakini zikipita zinatikisa, na mbwa anayeogopa kishindo anaweza kutimka. Mfunge kamba kabla hujafika kwenye daraja la reli.

Je, mbwa anaruhusiwa kuachiwa bila kamba?

Sehemu nyingi, ndiyo, mradi awe chini ya amri yako. Hapo ndipo penye ubishi, kwa hiyo tuseme waziwazi maana ya "chini ya amri": unamwona, unajua anafanya nini, na ukimwita mara moja anarudi hata kama ananusa kitu kitamu. Mbwa anayerudi baada ya kuitwa mara tano huku wewe unapiga mluzi na kutikisa pakiti ya biskuti hayuko chini ya amri yako; amekuhurumia tu.

Kamba ni lazima, au ni busara isiyo na mjadala, katika hali hizi:

Karibu na ng'ombe na farasi, mwaka mzima. Usingoje uwaone mbele yako, kwa sababu gosi inawaficha. Ukiona mavi mabichi ya ng'ombe njiani, funga kamba pale pale.

Kwenye uwanda wazi kuanzia 1 Machi hadi 31 Julai. Huo ni msimu wa ndege wanaotaga chini, kama *skylark*, ambaye ni wa jamii ya kipozamataza. Kiota chake ni shimo dogo kwenye nyasi. Hata ukikitazama kwa hatua mbili huwezi kukiona. Mbwa si lazima ale yai. Akipita karibu mama anaruka, mayai yanapoa au kunguru anayaona, basi imekwisha. Kwenye maeneo ya Uingereza yaliyofunguliwa kwa waenda kwa miguu kwa sheria ya mwaka 2000, kamba katika miezi hiyo haitakiwi kuzidi mita mbili. Chukua kipimo hicho hicho hapa hata mahali ambapo hakuna kibao. Njia za msituni na zile pana zenye lami ndizo mahali pa kumwachia mbwa majira ya kuchipua.

Kando ya viwanja vya gofu, sehemu ya kurushia ndege za mfano, barabara za magari na maegesho. Maeneo ya michezo ya watoto, usimwingize kabisa.

Kwa mbwa ambaye bado anajifunza, nunua kamba ndefu ya mita 10 ya plastiki laini isiyonyonya maji. Ifunge kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si kwenye mkanda wa shingoni, kwa sababu mbwa akikimbia mita kumi kisha kamba ikakaza ghafla, shingo ndiyo inayobeba kishindo chote. Vaa glavu. Iache iburute chini nyuma yake na uikanyage inapobidi, badala ya kuizungusha mkononi. Watu wamevunjwa vidole kwa kuizungusha. Zile kamba za kujivuta zenyewe zenye uzi mwembamba ziache nyumbani, kwani mwendesha baiskeli hauoni uzi huo na gosi inaunasa.

Ng'ombe wamegeuka wanatufuata. Nifanye nini?

Mara nyingi ni udadisi, hasa wa ndama wakubwa. Wanakuja kwa mwendo wa haraka na kusimama hatua chache. Wanachokifuata ni mbwa, si wewe. Usikimbie. Geuza njia, tembea kwa utulivu kuelekea miti au uzio, ukipita mbali na upande wenye ndama. Usipite katikati ya mama na ndama wake hata kama ndiyo njia ya mkato.

Wakikushambulia kweli, achia kamba. Mbwa ana kasi kuliko ng'ombe na atawakwepa, mtu hana. Waliouawa na ng'ombe Uingereza wakiwa na mbwa, wengine walikuwa wakijaribu kumkinga au kumbeba. Achia kamba, ondoka, mbwa utamkuta ng'ambo.

Upande wa pili wa jambo hilo: sheria ya mwaka 1953 ya kulinda mifugo inahesabu kumkimbiza ng'ombe kuwa kosa la mwenye mbwa, hata pasipo jeraha. Farasi wasilishwe chochote. Mkate na tufaha huwazoesha kufuata watu, kisha mtu mwingine ndiye anayepigwa teke.

Ng'ombe wanakunya popote. Kwa nini kinyesi cha mbwa kiwe tatizo?

Swali zuri, na jibu lake halihusu uchafu wa viatu tu. Ng'ombe anakula nyasi za hapo hapo na kurudisha kile alichokitoa hapo hapo. Mbwa amekula nyumbani: nyama, nafaka, madini, vyote vimetoka nje. Kila anapokojoa na kunya anaongeza mbolea kwenye udongo ambao uhai wake unategemea umaskini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu hifadhi za pembezoni mwa Ghent, Ubelgiji, ulikadiria kuwa mbwa wanaacha karibu kilo 11 za naitrojeni na kilo 5 za fosforasi kwa kila hekta kwa mwaka. Kuokota kinyesi kuliondoa karibu fosforasi yote, kwa kuwa ndimo ilimo; naitrojeni ilipungua kwa kama nusu, kwani nyingine hutoka kwenye mkojo. Angalia kandokando ya njia karibu na maegesho, utaona nyasi nene za kijani na upupu mahali ambapo palistahili kuwa na hetha.

Kuna pia kimelea kiitwacho *Neospora caninum*. Mbwa aliyekula nyama mbichi au kondo la nyuma la ng'ombe anaweza kutoa mayai yake kwenye kinyesi, ng'ombe akilisha hapo anaharibu mimba. Mbwa mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili.

Basi okota, funga, beba hadi kwenye pipa. Mfuko uliofungwa na kuning'inizwa kwenye tawi ni mbaya kuliko kinyesi kisichookotwa: kinyesi kingeoza, plastiki haiozi. Ukipanga kurudi kwa njia ile ile na hutaki kubeba, chukua kikopo chenye kifuniko kwenye begi. Faini ya papo hapo inaweza kufika pauni 100, na ukibishana hadi mahakamani pauni 1,000.

Anaweza kuogelea mabwawani?

Majira ya baridi na ya kuchipua, mara nyingi hakuna tatizo mahali pasipo na ndege wanaoatamia wala kibao cha kukataza. Kiangazi ni habari nyingine. Maji yakipata joto na kutulia, mwani wa bluu-kijani huzaliana, na baadhi yake hutoa sumu kali. Utaona utando wa kijani kama rangi iliyomwagwa, mara nyingi umesukumwa na upepo kwenye kona moja ya bwawa. Mbwa anaunywa, au anajilamba manyoya baada ya kutoka. Dalili huanza ndani ya dakika au saa chache: kutapika, udenda mwingi, kutetemeka, kuyumba, degedege. Sumu hiyo haina dawa ya kuipinga. Msuuze kwa maji safi, mzuie kujilamba, piga simu kwa daktari wa wanyama ukiwa tayari uko njiani.

Mabwawa kadhaa yana wavuvi wa ndoano. Ndoano yenye harufu ya chambo humezwa haraka. Ukiona uzi unatoka mdomoni mwa mbwa usiuvute. Kata ukiacha kipande kirefu, nenda kwa daktari.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui: dawa za viroboto na kupe za kudondoshea mgongoni, hasa zenye fipronil au imidacloprid, huua wadudu wa majini kwa kiasi kidogo mno, na zimekutwa kwenye mito ya Uingereza. Ukimpaka leo, asiogelee mpaka muda ulioandikwa kwenye pakiti upite, na hata baada ya hapo siku chache za ziada hazidhuru. Mbwa wa kuogelea kila wiki anafaa zaidi vidonge, mwulize daktari.

Kupe wapo? Nawatoaje?

Wapo, kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, na majira ya baridi yenye joto hawalali kabisa. Hukaa kwenye ncha za nyasi na hetha wakingoja mnyama apite. Usimtazamie awe kama kupe wa ng'ombe wa kwetu Afrika Mashariki. Huyu wa hapa, akiwa mchanga, ni mdogo kama mbegu ya mpopi.

Ukifika nyumbani mpapase mbwa kwa vidole kinyume cha manyoya: masikioni, kwenye kope, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, kwenye kinena, katikati ya vidole. Kisha jikague mwenyewe, hasa nyuma ya magoti na kiunoni. Kumtoa, tumia ndoana ya kupe ya plastiki inayouzwa maduka ya wanyama kwa pauni chache. Iingize chini kabisa ya kupe, sambamba na ngozi, izungushe polepole upande mmoja hadi aachie. Usimminye tumbo. Usimpake mafuta ya taa, vaselini wala spiriti, na usimchome na kiberiti: akisumbuliwa hivyo hutapika ndani ya jeraha, na hapo ndipo vijidudu vinapoingia. Mtoe siku hiyo hiyo. Kadiri anavyokaa ndivyo hatari ya ugonjwa wa Lyme, maambukizi ya bakteria yanayoenezwa na kupe, inavyozidi.

Kwa binadamu, upele mwekundu unaotanuka taratibu kuzunguka alama ya kuumwa, siku 3 hadi 30 baadaye, ni sababu tosha ya kwenda kwa daktari. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza kuonekana kama kivuli cha zambarau au kahawia, na hupuuzwa kwa urahisi. Mwambie daktari ulitembea uwandani.

Na nyoka?

Uingereza ina nyoka mmoja tu wa asili mwenye sumu, *adder*, wa jamii moja na kifutu lakini mdogo na mpole zaidi. Nyanda za hetha ni makazi yake ya kawaida nchini humo. Mbwa akiumwa, mara nyingi ni puani au mguuni, na sehemu inavimba haraka. Mbebe, asitembee, usifunge kamba juu ya jeraha, usikate, usinyonye. Nenda kwa daktari. Kumwua nyoka huyo ni kosa kisheria.

Nimesikia kuna ugonjwa wa matope unaoua mbwa.

Unaitwa Alabama rot. Uingereza ulianza kutambuliwa mwaka 2012, chanzo chake hakijathibitishwa, na wengi wa walioupata waliugua kati ya Novemba na Mei baada ya kutembea mahali penye matope. Ni nadra sana. Dalili ya kwanza ni kidonda au uvimbe mwekundu chini ya goti, tumboni au mdomoni, kisichotokana na ajali; siku chache baadaye figo zinaweza kushindwa. Osha miguu na tumbo baada ya matembezi, siyo kwa sababu imethibitika kuzuia, bali kwa sababu ndipo utakapokiona kidonda mapema.

Matope yenyewe ya bonde la Longmoor ni ya mboji, laini na yenye kina. Mbwa mwepesi anapita, wewe unabaki na buti. Fuata njia iliyokanyagwa.

Saa gani na majira gani ni bora?

Septemba asubuhi, tukiulizwa. Hetha bado ina rangi, ndege wameshalea, maji yanaanza kupoa. Desemba jua huzama karibu saa kumi jioni, kwa hiyo anza kabla ya saa saba mchana kama unaenda njia ndefu, na mbwa avae taa ya shingoni. Juni jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, na matembezi ya saa moja jioni ni mazuri kuliko ya mchana.

Siku za joto watu wetu hujidanganya: "nyuzi 25 ni baridi kwa Mombasa." Mbwa aliyezaliwa hapa hajazoea, na uwanda wa hetha hauna kivuli. Wenye pua fupi kama bulldog na pug ndio wa kwanza kuanguka. Akihema kupita kiasi, ulimi umegeuka mwekundu sana na anayumba, mpoze kwanza hapo hapo: kivulini, mmwagie maji mengi mwili mzima, mpepee. Ndipo umpeleke kwa daktari. Kukimbilia gari huku bado anawaka ndiko kunakoua.

Nibebe nini?

Maji lita moja kwa mbwa wa wastani katika njia ndefu na bakuli la kukunja, mifuko minne au zaidi, kamba fupi hata kama mbwa ni mtiifu, ndoana ya kupe, bendeji moja ya kujishika yenyewe kwa nyayo zilizokatwa na kioo, taulo kuukuu, na namba ya daktari wa wanyama anayefungua usiku. Miiba ya gosi ikiingia katikati ya vidole, kibano cha nyusi kinatosha.

Sheria inataka mbwa awe na nini?

Chipu tangu 6 Aprili 2016, iwekwe kabla hajatimiza wiki nane na anwani yake iwe ya sasa. Wengi huhama nyumba wakasahau. Shingoni awe na kibati chenye jina na anwani ya mwenye mbwa, chipu haiondoi sharti hilo. Mbwa wa aina ya XL Bully lazima awe na cheti cha kuruhusiwa, afungwe kamba na avae kifunga mdomo hadharani.

Nimemleta mbwa wangu kutoka Nairobi. Anaweza kwenda moja kwa moja?

Kama aliingia kihalali, ndiyo. Kwa Kenya na Tanzania maana yake ni chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa, kipimo cha damu siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kungoja miezi mitatu tangu damu ilipochukuliwa, na dawa ya minyoo tegu saa 24 hadi 120 kabla ya kufika. Lakini kabla ya kumpeleka uwandani mwombe daktari ampime Ehrlichia na magonjwa mengine ya kupe wa kwetu. Madaktari wa hapa hawayaoni kila siku. Taja mwenyewe alikotoka.

Tunatembea na jamaa wanaokwepa mbwa kwa sababu ya dini au woga. Inawezekana?

Inawezekana ukipanga. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mate ya mbwa na unyevu wa mwili wake ni najisi na kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo tatizo kubwa ni mbwa aliyelowa anayekuja kujikung'uta karibu na nguo za swala. Mfunge kamba fupi, atembee upande wa pili wa njia, chakula kibebwe kwenye begi tofauti na vitu vyake, na mabwawa mwisho au kamwe. Chagua njia pana za lami badala ya vichochoro vya gosi ambamo watu hugusana.

Mgeni akija mbele yenu akasimama ghafla au akamvuta mtoto nyuma yake, huo ni ujumbe tosha. Mwite mbwa, mfunge, sogea pembeni. "Hang'ati huyu" haimsaidii mtu aliyekulia mahali ambapo mbwa ni wa kulinda geti. Na kwa sheria ya mwaka 1991, mbwa aliyeshindikana anaweza kukuletea kesi hata bila kung'ata, ikiwa amemfanya mtu aogope kwa sababu za msingi kwamba ataumizwa.

Amepotea. Nifanyeje?

Baki ulipomwona mara ya mwisho. Mbwa wengi hurudi kwa kunusa njia yao wenyewe, na ukizunguka unavuruga harufu. Mwenzako aende langoni mlikoingilia. Msimkimbize akionekana: chuchumaa, mpe ubavu, mwite kwa sauti ya kawaida. Giza likiingia acha fulana uliyoivaa mahali hapo, rudi alfajiri. Toa taarifa kwenye hifadhidata ya chipu, kwa halmashauri ya jiji, na kwa madaktari wa wanyama wa Sutton, Streetly na Boldmere. Halmashauri ikimpokea mbwa aliyepotea humtunza siku saba. Zikipita inaweza kumpa mtu mwingine.

Tunaweza kuchoma nyama pale?

Hapana. Hetha kavu na gosi yenye mafuta hushika moto kwa cheche moja, na mboji ikiwaka inaungua chini kwa chini siku kadhaa. Bebeni sambusa.